Kutoka Kirai hadi Alama: Uhakiki wa Mbinu ya Maneno Vidokezo katika Ufundishaji wa Aljebra, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu ya maneno vidokezo, yaani mazoea ya kuwafundisha wanafunzi kubadili virai vya maneno kuwa semi za kialjebra kwa kulioanisha kila neno na alama yake. Mazingira ya uhakiki ni Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, ambako swali la hisabati hupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kufika kwenye alama. Makala yanadai kwamba mbinu hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwamba inashindwa kwa sababu zilezile zinazoishinda tafsiri ya aina hiyo popote. Yanaonesha pia kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kubainisha mpangilio wa matendo ya kihisabati, ingawa nyenzo hizo zina mipaka katika lahaja zinazozungumzwa makazini. Mwisho, makala yanatumia mfano wa kupunguzwa kwa mgao wa chakula kati ya 2020 na 2023 ili kuonesha kwamba stadi hii inahusu maisha ya watu nje ya chumba cha mtihani.

Istilahi za msingi: kirai, usemi wa kialjebra, maneno vidokezo, tafsiri ya neno kwa neno, rejista ya hisabati

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anapoulizwa aandike kwa alama kirai "namba fulani ikipunguzwa 5", anatakiwa kwanza aelewe kirai hicho, na ndipo atumie hisabati. Hatua ya kwanza ni ya kiisimu. Anayekosea hapo atakokotoa kwa ustadi jambo ambalo hakuulizwa.

Uhusiano huu baina ya lugha na hisabati si ugunduzi mpya katika Afrika Mashariki. Mnamo Septemba 1974, UNESCO na washirika wake waliitisha kongamano jijini Nairobi kuhusu maingiliano ya isimu na elimu ya hisabati. Ni katika kongamano hilo M.A.K. Halliday alipofafanua dhana ya rejista ya hisabati. Alisisitiza kwamba rejista haijengwi kwa istilahi peke yake. Hujengwa pia kwa miundo ya lugha na namna za kujenga hoja. Nusu karne baadaye, mijadala mingi ya Kiswahili na sayansi katika ukanda huu bado inajikita kwenye istilahi: jambo hili liitweje, neno lipi lisanifiwe. Miundo imeachwa nyuma. Makala haya yanahoji kwamba katika kuhawilisha virai kuwa semi za kialjebra, tatizo kubwa liko kwenye miundo, na kwamba mbinu inayotumika sana darasani inalifunika tatizo hilo badala ya kulitatua.

2.0 Mazingira ya Lugha: Nakivale na Mbarara

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Kanda zake kuu ni tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Wakazi wake wanatoka hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, pamoja na Ethiopia na Eritrea. Jamii inayowapokea inazungumza Kinyankore. Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ndio kituo cha karibu cha biashara kubwa na elimu ya juu. Humo kimo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989.

Watoto wa Nakivale husoma kwa mtaala wa Uganda. Mtaala wa msingi ulioanza kutekelezwa 2007 unaelekeza lugha ya mazingira itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, darasa la nne liwe la mpito, na Kiingereza kitawale kuanzia darasa la tano. Utaratibu huu unachukulia kwamba mazingira yana lugha moja. Nakivale hazina. Mtoto aliyeanza shule Bukavu kwa Kiswahili na Kifaransa hukaa dawati moja na aliyeanza kwa Kirundi, na wote wawili hupokea swali la hisabati kwa Kiingereza. Nje ya darasa, kwenye foleni ya maji, sokoni na uwanjani, lugha inayowaunganisha wengi wao ni Kiswahili.

Kisera, Kiswahili kina nafasi ya pekee nchini Uganda. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, uamuzi huo unakitazama Kiswahili kama somo. Swali la iwapo lugha ambayo mwanafunzi tayari anaitumia inaweza kumsaidia kuelewa somo jingine halimo ndani yake.

3.0 Mbinu ya Maneno Vidokezo na Dosari Zake

Mbinu ya maneno vidokezo ni rahisi kueleza. Mwalimu huandika jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza ina maneno, kwa mfano "zaidi", "jumla", "pungufu", "tofauti", "mara" na "kila". Safu ya pili ina alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mwanafunzi husoma swali, hutafuta neno lililomo kwenye jedwali, na kuandika alama yake. Mbinu hii inapendwa kwa sababu za msingi: darasa ni kubwa, vitabu ni vichache, na maswali mepesi hujibika kwayo.

Kwa mtazamo wa taaluma ya tafsiri, hata hivyo, mbinu hii inafahamika. Mwansoko (1996), katika *Kitangulizi cha Tafsiri*, anaitofautisha tafsiri ya neno kwa neno na aina nyingine zinazozingatia sarufi, maana na mawasiliano. Jedwali la maneno vidokezo ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo lugha lengwa yake ni alama. Mwanafunzi wa tafsiri angekemewa kwa kuitumia kwenye barua au riwaya, ilhali mwanafunzi wa hisabati anahimizwa kuitumia kwenye mtihani. Dosari zake zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

3.1 Neno moja, uhusiano tofauti

Tuchukue swali hili la mfano: "Mkulima wa Juru amevuna magunia 12 ya mahindi, ambayo ni 5 zaidi ya yale aliyovuna jirani yake. Jirani amevuna mangapi?" Jedwali linasema "zaidi" ni kujumlisha. Mwanafunzi mtiifu ataandika 12 + 5 na kupata 17. Uhusiano sahihi ni n + 5 = 12, na jirani ana magunia 7. Neno "zaidi" halijadanganya, kwa kuwa kujumlisha kumo ndani ya mlinganyo. Kilichokosekana ni kujua ni kipi kimezidi kipi, na jibu la swali hilo limo katika muundo wa sentensi nzima.

3.2 Neno moja, maana tofauti

Vitenzi vya hesabu katika Kiswahili ni vitenzi vya maisha. "Kutoa" sokoni ni kumpa mtu kitu, na katika hesabu ni kupunguza. "Kuzidisha" ni mfano mzito zaidi. Mfanyabiashara wa Mbarara akilalamikiwa kwamba "amezidisha bei ya mkungu wa matoke kwa 2,000", msikilizaji wa kawaida anaelewa p + 2,000. Darasani, kauli hiyohiyo husomeka 2,000p. Neno limeshafungwa kitaaluma kwenye maana moja huku mtaani likiendelea kubeba nyingine, na jedwali halimwonyi mwanafunzi kuhusu mgongano huo.

Tofauti za kilahaja zinaongeza ugumu. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, kitenzi "kutosha" hutumika kwa maana ya kuondoa au kutoa. Kwa mzungumzaji wa lahaja hiyo, "kutosha tano ku kumi" ni 10 − 5. Katika Kiswahili sanifu, "kutosha" ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Mwalimu aliyejifunza Kiswahili sanifu anaweza kumhukumu mtoto wa Kongo kuwa hajui hesabu wala lugha, hali mtoto ameitaja operesheni sahihi, na kwa mpangilio sahihi, katika lugha yake.

3.3 Kosa la kugeuza uhusiano

Kundi la tatu linaonesha kwamba kubadilisha lugha peke yake si tiba. Mwaka 1981, Clement, Lochhead na Monk walichapisha matokeo ya kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi nchini Marekani kauli isemayo kwamba chuo kina wanafunzi mara sita ya maprofesa, na kuwataka waiandike kwa mlinganyo. Zaidi ya theluthi walikosea, na kosa lililotawala lilikuwa kuandika 6W = M badala ya W = 6M. Hawa walikuwa wanasoma kwa Kiingereza, lugha ya elimu yao tangu utotoni.

Maelezo yaliyokubalika zaidi yana pande mbili. Baadhi ya wanafunzi huhamisha maneno kwa mfuatano wake. Wengine huisoma herufi kama lebo ya kitu na si namba, hivyo 6W kwao ni "wanafunzi sita", mithili ya ufupisho. Hapa Kiswahili kinaleta swali la kuvutia. Katika Kiingereza namba hutangulia nomino, na kwa hiyo 6W inafanana sana na kirai cha kawaida cha kuhesabu vitu. Katika Kiswahili namba hufuata nomino: wanafunzi sita, magunia sita, mikungu sita. Kirai cha kuhesabu na usemi wa kialjebra havifanani kwa mpangilio, na anayesoma 6W kwa Kiswahili hulazimika kusema "mara sita ya W", kauli inayomkumbusha kwamba W ni kiasi. Dhana hii inastahili kupimwa darasani, na madarasa ya Nakivale na Mbarara yanafaa kwa kazi hiyo kuliko mengi.

4.0 Nyenzo za Sarufi ya Kiswahili na Mipaka Yake

Iwapo tatizo ni la miundo, inafaa kuuliza Kiswahili kina miundo gani. Makala haya yanataja minne.

Wa kwanza ni mfuatano wa viambishi -ki- na -ka-. Linganisha virai hivi viwili:

(a) Namba ikizidishwa kwa 2, kisha ikaongezewa 3.
(b) Namba ikiongezewa 3, kisha ikazidishwa kwa 2.

Cha kwanza ni 2x + 3 na cha pili ni 2(x + 3). Katika maandishi ya alama, tofauti hubebwa na mabano. Katika Kiswahili hubebwa na kiambishi -ka-, ambacho kazi yake ya kawaida katika simulizi ni kuonesha kwamba tendo moja limefuata jingine. Mtoto anayeweza kusimulia kwamba sungura "akaingia, akala, akatoroka" ana tayari chombo cha kupanga matendo ya kihisabati. Kirai cha nomino, "jumla ya mara mbili ya namba na 3", hakina chombo hicho. Kinaweza kusomeka kwa njia zote mbili, na ndicho ambacho vitabu hupendelea kwa kuwa kinafuata muundo wa Kiingereza.

Wa pili ni neno "kasoro". Kiingereza kina kirai cha kutoa kinachotaja kwanza kiasi kinachoondolewa, kisha namba kinakoondolewa, na wanafunzi wengi hukiandika kwa mfuatano wa kusikia: 5 − x mahali pa x − 5. Kiswahili kinasema "saa tatu kasoro robo". Kizima kinatangulia, upungufu unafuata, sawasawa na 3 − ¼. Kutoka hapo kwenda "namba kasoro 5", yaani x − 5, ni hatua moja fupi.

Wa tatu ni upatanisho wa kisarufi. "Bei ya mkungu iliyoongezeka" na "bei ya mkungu ulioongezeka" ni virai viwili tofauti. Katika cha kwanza kilichoongezeka ni bei, na katika cha pili ni mkungu. Herufi itakayobeba ongezeko inajulikana kwa kiambishi cha ngeli bila maelezo ya ziada.

Wa nne ni neno "kitu". Historia ya aljebra inalipa neno hili uzito. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu mwaka 820 kitabu ambacho jina lake limetupa neno "aljebra", hakutumia herufi wala alama. Matatizo yake yote yameelezwa kwa maneno. Namba isiyojulikana aliiita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kitu, na kipeo chake cha pili akakiita *mal*, neno lilelile lililoingia katika Kiswahili kama "mali". Mazoea ya kuandika x yalienea baada ya kitabu cha Descartes cha 1637. Aljebra ya maneno, kwa hiyo, ilikuwa taaluma kamili kwa karne nyingi. Kumruhusu mwanafunzi aseme "kitu kikizidishwa kwa 2, kikaongezewa 3" kabla ya kuandika herufi ni kumpitisha katika njia ambayo aljebra yenyewe ilipita.

Nyenzo hizi hazipaswi kutukuzwa kupita kiasi. Upatanisho wa ngeli umepungua sana katika Kiswahili kinachozungumzwa Kongo na sehemu kubwa ya Uganda, hivyo tofauti ya "iliyoongezeka" na "ulioongezeka" inaweza isisikike kabisa kwa mtoto wa Nakivale. Aliyesoma kwa Kifaransa huenda akataja saa kwa maneno ya Kifaransa na asiwe na "kasoro". Zaidi ya hayo, Kiswahili sanifu chenyewe kina virai vyenye utata. "Mara tatu zaidi ya namba" ni 3x kwa wengine na x + 3x kwa wengine. "Nusu ya namba kuongeza 3" ni ½x + 3 au ½(x + 3). "Tofauti ya namba na 5" haisemi ipi ni kubwa. Anayedai kwamba kufundisha kwa Kiswahili kutaondoa makosa ya aljebra anarudia kosa la jedwali, kwa kudhani kwamba lugha ni orodha ya maneno ya kubadilishana.

Faida halisi ya Kiswahili iko kwingine. Kinampa mwanafunzi uwezo wa kukisema kirai upya kwa namna mbili au tatu na kuzilinganisha. Anayeweza kusema "mkulima amezidi jirani kwa 5", "jirani amepungukiwa 5" na "jirani akiongezewa 5 watalingana" ameshauona mlinganyo n + 5 = 12 kabla hajaugusa. Uwezo huo wa kusema upya ndio ambao mwanafunzi wa darasa la tano au la sita hana katika Kiingereza, na ndio ambao jedwali la maneno vidokezo linajaribu kuuruka.

5.0 Mfano wa Mgao: "kwa" na "hadi"

Washauri wa sera wanaweza kudhani kwamba mjadala huu unawahusu walimu peke yao. Mfano mmoja kutoka katika maisha ya makazini unatosha kuonesha vinginevyo.

Aprili 2020, kutokana na upungufu wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Februari 2021 mgao ulishuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Kuanzia Julai 2023 kaya ziligawanywa katika makundi: zilizo katika hali ngumu zaidi zikabaki na asilimia 60, kundi la kati likapata asilimia 30, na zilizoonekana kujitegemea zikaondolewa katika mgao.

Mgao kamili ukiitwa g, hatua ya 2020 ni 0.7g, na ya 2021 ni 0.6g. Sasa tuzingatie namna hatua ya pili inavyoweza kutamkwa. "Mgao umepunguzwa hadi asilimia 60" ni 0.6g. "Mgao umepunguzwa kwa asilimia 60" ni 0.4g. "Mgao umepunguzwa kwa asilimia 40" ni 0.6g iwapo msingi ni mgao kamili, lakini kwa mtu aliyekuwa akipokea 0.7g na kudhani kwamba punguzo linahesabiwa kutoka hapo, ni 0.42g. Kwa kaya ambayo mgao wake kamili ungekuwa kilo 50 za mahindi, tafsiri hizi zinatoa kilo 30, kilo 20 na kilo 21. Tofauti ya 30 na 21 ni chakula cha siku kadhaa, na chanzo chake ni kihusishi kimoja na msingi ambao haukutajwa.

Tangazo la aina hii huandikwa kwa Kiingereza, hufasiriwa kwa mdomo katika Kiswahili na Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali, na hupita kinywa hadi kinywa. Anayefasiri anafanya kazi ileile ya mwanafunzi wa aljebra: anapaswa kujua kipi kinapungua, kutoka wapi, kwa kiasi gani. Hakuna neno kidokezo litakalomsaidia. "Kupunguza" kumo katika kauli zote tatu. Mkimbizi anayeelewa tofauti ya "kwa" na "hadi" anaweza kukagua alichopimiwa na kudai haki yake kwa hoja. Asiyeielewa ama atanyamaza alipopunjwa, ama atalalamika ambapo hakupunjwa, na malalamiko yake yajayo yatapungukiwa na uzito.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni wa Kiingereza, hivyo muda unaotumika kwa Kiswahili ni muda uliopotea. Pingamizi hili lina nguvu, na makala haya hayapendekezi lugha ya mtihani ibadilishwe. Yanapendekeza kwamba kirai cha Kiingereza kisemwe upya, kijadiliwe, kisha ndipo kiandikwe kwa alama. Muda wa kujadili kirai kimoja ni mfupi kuliko muda wa kusahihisha makosa kumi ya aina moja. Uzoefu wa Tanzania unatoa funzo hapa. Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu 1967, lakini mwanafunzi anapoingia sekondari hukutana na Kiingereza ghafla. Lugha mbili zikitenganishwa kwa ukuta, ufahamu uliojengwa katika moja hauvuki kirahisi kwenda nyingine. Zinapaswa kukutanishwa katika kirai kimoja.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili si lugha ya wote Nakivale. Wasomali na Waeritrea wengi hufika bila kukijua, na wenyeji wengi wa Isingiro hukitumia kwa nadra. Hili ni kweli, na ndiyo sababu hoja ya makala haya imewekwa kwenye mbinu kabla ya lugha. Kusema kirai upya kunaweza kufanywa kwa Kinyankore au Kisomali vilevile. Kiswahili kinatangulizwa kwa kuwa ndicho kinachoweza kusikika na wanafunzi wengi zaidi kwa pamoja, na kwa kuwa serikali imekwisha amua kukifundisha.

Pingamizi la tatu ni la kihistoria. Kiswahili nchini Uganda kimebeba kumbukumbu ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, na tamko la 1973 la kukifanya lugha ya taifa lilitolewa chini ya utawala wa Idi Amin. Wazazi wenye kumbukumbu hiyo wana haki ya kushuku. Lugha hubadilishiwa sifa na matumizi, na Kiswahili kinachomsaidia mtoto kufaulu hisabati kitajitetea vizuri zaidi kuliko kinacholetwa kwa amri pekee.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba mbinu ya maneno vidokezo ni tafsiri ya neno kwa neno, kwamba inashindwa pale ambapo maana imo katika muundo, na kwamba Kiswahili kina miundo inayoweza kuibainisha maana hiyo endapo itatumiwa kwa uangalifu. Kutokana na uchambuzi huo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, vyuo vinavyoandaa walimu Mbarara na kwingineko viingize katika somo la mbinu za kufundisha hisabati zoezi la kusema kirai upya. Mwalimu asikubali alama yoyote kabla mwanafunzi hajakisema kirai kwa angalau namna mbili.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala cha Uganda viandae kwa pamoja mwongozo wa virai vya kihisabati, mbali na orodha za istilahi. Mwongozo huo uoneshe virai vinavyopendekezwa, hasa vya -ki- na -ka-, na utahadharishe dhidi ya virai vyenye utata kama "mara tatu zaidi ya". Uoneshe pia maneno ya lahaja za Kongo kama "kutosha", ili mwalimu ayatambue kabla ya kuyahukumu.

Tatu, utekelezaji wa uamuzi wa 2022 uruhusu waziwazi matumizi ya Kiswahili kama lugha ya ufafanuzi katika masomo mengine, katika shule ambazo wanafunzi wanakifahamu.

Nne, mashirika yanayotangaza mabadiliko ya mgao, ada au posho katika makazi yataje msingi wa hesabu katika kila tangazo, yatumie "hadi" pamoja na kiwango kinachobaki, na yaambatishe mfano mmoja uliokokotolewa. Wafasiri wa matangazo hayo wapewe mafunzo mafupi ya virai vya asilimia na uwiano.

Utafiti unaohitajika baada ya huu ni wa darasani: kulinganisha makosa ya wanafunzi wanaopokea kirai kilekile kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha muundo wa nomino, na kwa Kiswahili cha muundo wa -ki- na -ka-. Matokeo yake yatawasaidia wapangaji wa mitaala kuamua, kwa ushahidi, ni muundo upi utangulie katika vitabu vya hisabati vitakavyoandikwa kwa ajili ya shule za makazi na za jirani zake.